Ufa Uliozibwa Mara Tatu

Tulipobomoa sehemu ya ukuta wa uzio nyuma ya nyumba ya wazazi wangu, Dar es Salaam, mafundi walikuta lipu tatu zimepandana. Ya juu ilikuwa nyeupe, rangi niliyoinunua mwenyewe. Chini yake ikatokea ya kijani, kile kijani cha zahanati ambacho marehemu baba alikipenda kwa sababu hakionyeshi uchafu. Chini ya kijani ilikuwepo ya maziwa, na hiyo hakuna aliyeikumbuka isipokuwa Mama. "Hiyo ya mwaka aliozaliwa mdogo wako," alisema, akaendelea kuchambua mchicha. Na chini ya zote tatu, palepale ulipokuwa siku zote, ulikuwepo ufa. Ulikuwa umelala sambamba na ardhi kwa karibu mita nane, kimo cha goti, na mahali pengine kidole kiliingia.

Kwa hiyo mara tatu familia yetu ilifanya kile ambacho kila mtoto wa Kiswahili amefundishwa shuleni: usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tuliziba. Tukaziba tena. Tukaziba na mara ya tatu, kwa rangi ya bei. Na ukuta tumejenga.

Methali hiyo nimeanza kugombana nayo. Si kwamba inasema uongo. Ninachoamini ni kwamba ilisemwa kuhusu ukuta mwingine kabisa, na sisi tumeihamishia kwenye ukuta wetu bila kuuliza kama inamfaa mgonjwa huyu.

Fikiria kuta ambazo watu wa mwambao waliishi ndani yake kwa karne nyingi. Zilikuwa za mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, nene nusu mita na zaidi, na ndani yake hapakuwa na chuma hata kipande. Chokaa yenyewe ilichomwa tanurini: matumbawe yalipangwa juu ya magogo, yakawashwa, kisha yakazimwa kwa maji na kuachwa yapoe kwa muda mrefu kabla fundi hajayagusa. Kitu kinachotoka hapo ni laini. Msingi ukishuka kidogo, chokaa hujikunja nao badala ya kukatika. Ikipata nyufa nyembamba kama unywele, maji ya mvua huyeyusha chokaa kidogo na kuiacha ndani ya ufa uleule, hewa ikaikaza, ikarudi kuwa jiwe. Na ukuta huo hupumua. Unyevu unaoingia usiku hutoka mchana. Mwenye nyumba aliyetia chokaa mpya kabla ya kila masika alikuwa kweli anaziba ufa, na kuziba kule ndiko kulikokuwa tiba yenyewe, kwa sababu kilichomo ndani ya ukuta na kilichopakwa nje vilikuwa ndugu wa tumbo moja.

Anayetaka ushahidi aende Kilwa Kisiwani. Pale kuna Husuni Kubwa ya karne ya 14, na Msikiti Mkuu ambao sehemu yake ya mwanzo ina umri mkubwa zaidi ya hapo. Mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia katika Urithi wa Dunia, na kuanzia 2004 hadi 2014 yakawa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Lakini tazama kilichokuwa kinayaua: mawimbi yanayokula ufukwe, mizizi ya miti, mvua inayoingia kwa juu mahali paezo lilipotoweka. Yaani ni kukosa wakazi. Ukuta wa chokaa ukikaliwa na mtu mwenye brashi, una subira kuliko sisi.

Kisha ikaja saruji. Kiwanda cha Bamburi, Mombasa, kilianza kuizalisha mwaka 1954, na cha Wazo Hill hapa Dar mwaka 1966. Haikupita miaka mingi chokaa ikabaki kazi ya kupaka mashina ya miti na kuchora mistari ya uwanja wa mpira. Silalamiki. Nyumba niliyokulia isingejengwa kwa mshahara wa karani kama si saruji ya mifuko ya kilo 50 na tofali za kufyatua pale pale uwanjani. Ninachosema ni kwamba tulibadilisha ukuta, methali tukabaki nayo ileile.

Ukuta wa leo una siri moja tumboni mwake, nayo ni nondo. Zege ni hodari wa kubeba mzigo unaoikandamiza, lakini ukiivuta ni dhaifu. Nguvu yake ya kuvutwa ni kama moja ya kumi ya ile ya kukandamizwa. Mfaransa mmoja mtunza bustani, Joseph Monier, alichoka na vyungu vya maua vinavyopasuka, akaweka chuma ndani ya saruji, na mwaka 1867 akapata hataza ya jambo hilo. Maghorofa yote ya Posta na Kariakoo ni wajukuu wa vyungu vya yule bwana.

Ndoa ya chuma na zege ni nzuri mno inapokuwa nzuri. Zege mpya ni kali kama magadi, pH yake hupita 12, na ndani ya ukali huo chuma hujivika utando mwembamba usioruhusu kutu. Chuma kinaweza kulala humo miaka mia. Kinachokiamsha ni viwili. Cha kwanza ni hewa tunayoivuta: gesi ya kaboni dioksidi huingia polepole katika vitundu vya zege, milimita kwa milimita, na kuupunguza ule ukali mpaka utando unakufa. Zege ikiwa na maji mengi wakati wa kuchanganya (na fundi hupenda zege inayotiririka, maana haimchoshi mikono) vitundu huwa vingi na safari inakuwa fupi. Cha pili ni chumvi, na hii haingoji ukali upungue. Hutoboa utando moja kwa moja. Sisi wa pwani tunaipata bure kutoka kwenye upepo, na wengine tunailipia: ni yule anayeuziwa mchanga wa ufukweni kwa bei ya kutupa na kujiona mjanja.

Chuma kikianza kuota kutu, kutu hutaka nafasi. Hujaza mara mbili mpaka mara sita ya nafasi ya chuma kilicholiwa. Ndani ya zege hakuna nafasi, basi huitengeneza. Zege inasukumwa kutoka ndani, inapasuka kufuata mstari wa nondo, doa la kahawia linatoka kama chai iliyomwagika, halafu siku moja kipande kinadondoka na unaziona mbavu. Wewe mwenye nyumba unadhani ufa umeanza nje ukaingia ndani. Umeanza ndani ukatoka nje. Ukiuziba kwa saruji ya juu juu umemfungia mwizi ndani ya nyumba na ufunguo umemwachia.

Kuna jambo baya zaidi, ambalo mafundi wengi wamelishuhudia bila kujua jina lake. Ukibandua zege mahali pamoja tu, ukatia kiraka kizuri chenye saruji mpya isiyo na chumvi, chuma kilichomo ndani ya kiraka kinatulia. Lakini nondo ni moja, inaendelea kulia na kushoto ndani ya zege ya zamani iliyojaa chumvi, na sasa sehemu ile mpya na ile ya zamani zinafanya kazi kama betri. Chuma kilicho pembeni ya kiraka kinaliwa kwa kasi kuliko awali. Baada ya miaka miwili au mitatu unaona nyufa mpya zimekizunguka kiraka chako kama fremu ya picha. Unamlaumu fundi kwamba ametumia saruji mbaya, kumbe saruji ilikuwa nzuri kupita kiasi ukilinganisha na jirani zake.

Haya yote sikuyajua siku nilipomwita fundi wa kwanza.

Alikuja na bodaboda, akashuka bila kuvua kofia ngumu, akautazama ukuta kwa muda ambao mtu hutumia kusoma namba ya basi. "Hii lipu tu, bosi. Siku mbili." Wa pili alikuja na futi ya kuvuta na kalamu sikioni. Akapima kutoka geti hadi kona, akaandika. "Mzee, huu bomoa wote. Mita arobaini. Ukibakiza, utaniita tena." Alikuwa tayari ameshapiga hesabu ya tripu za mchanga. Sisemi kwamba mmoja wao alikuwa tapeli. Nadhani kila mmoja aliiona kwa moyo safi ile kazi ambayo angelipwa kwa kuifanya.

Wa tatu alikuwa mzee. Tuliletewa na shemeji yangu, aliyesema mzee huyo hafanyi kazi kwa watu wenye haraka. Alikuja na timazi, nyundo ndogo, na vipande vya kioo alivyovifunga kwa gazeti. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akakaa, akanywa chai yote kabla ya kugeuza macho upande wa ukuta.

"Nyuma ya huu ukuta kuna nini?"

"Kwa jirani, Mzee."

"Sijauliza kwa nani."

Nikanyamaza. Miaka ishirini na kitu ya ufa ule, lipu tatu, rangi tatu, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kwenda kuutazama ukuta kwa upande wa pili. Tukaenda. Jirani, mtu muungwana, akatufungulia. Nyuma ya ukuta wetu ardhi yake ilikuwa juu ya ardhi yetu kwa mita moja na robo hivi. Haikuwa hivyo zamani. Alipojenga aliukuta uwanja wake una mteremko, akashusha kifusi, akasawazisha, akapata maegesho ya magari mawili. Akakishindilia kifusi hicho moja kwa moja kwenye ukuta wetu wa tofali za inchi sita, ambao baba aliujenga kuzuia mbuzi na macho ya watu, si kuzuia udongo.

Kwa mara ya kwanza nikauelewa ule ufa ulivyolala. Mzee alinifundisha pale pale, kwa kidole. Ufa unaopanda ngazi ngazi kufuata viungo vya tofali, alisema, mtazame msingi: umeshuka upande mmoja. Ule wa wima unaofuatana na nguzo mara nyingi ni tofali na nguzo kuachana, hazikufungwa pamoja au ukuta ni mrefu mno bila kiungo cha kupumulia. Vile vinyufa vinavyojichora kama ramani ya mito ni lipu tu imekauka kwa haraka juani, hivyo visikunyime usingizi. Lakini ufa uliolala sambamba, na juu yake ukuta umetokeza tumbo, huo kuna mtu nyuma anausukuma.

Anayesukuma zaidi si hata udongo. Ni maji. Masika yakiingia, kifusi kinalewa, na ukuta usio na matundu ya kutolea maji unageuka kuwa upande mmoja wa bwawa. Hesabu yake ni ya shule: maji yakisimama mita moja na sentimita ishirini nyuma ya ukuta, kila mita moja ya urefu wa ukuta inasukumwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 720. Yaani magunia saba ya mahindi ya kilo mia mia, yamekuegemea usiku kucha, na kwa mita nane ni magunia hamsini na sita. Na sisi tulikuwa tunayajibu kwa lipu.

Mzee aliporudi upande wetu alifanya mambo yasiyokuwa na haraka. Alining'iniza timazi kutoka juu ya ukuta, akapima: vipande vitatu kati ya nguzo na nguzo vilikuwa vimeinama sentimita saba. Kanuni yake ni kwamba ukuta wa namna hii ukiinama kupita theluthi ya unene wake, usiuombee dua, ubomoe. Unene ni sentimita kumi na tano, theluthi yake ni tano. Aligonga nguzo moja moja kwa nyundo akitega sikio; palipo pazima palilia kama kengele ndogo, palipoachana palilia kama debe. Akaniomba kadi ya benki. Nilidhani anatania. Aliiingiza kwenye ufa wa nguzo ya kona, ikaingia mpaka nusu. Kadi ile ina unene wa karibu robo tatu ya milimita, na zege yenye nondo hupigiwa hesabu isifunguke kupita kama sehemu tatu za kumi za milimita. "Benki yako imeshaingia ndani," akasema, na ndiyo mara pekee alipocheka.

Mwisho akabandika vioo. Kipande kimoja alikiweka kukatiza ufa uliolala, akakishika kwa saruji kidogo pande zote mbili, kingine kwenye ufa wa kona. Kwenye saruji mbichi akaandika tarehe kwa msumari. Kioo hakijui kunyooka: ufa ukisogea hata kidogo, kinakatika. Halafu akaaga, na akataja ada yake ya siku.

Mama alikasirika kama ambavyo sijamwona akikasirika tangu nilipokuwa sekondari. "Amekunywa chai, amegonga ukuta, hajachanganya hata karai moja la zege. Analipwa nini?"

Swali la Mama ndilo lililonifanya niandike makala hii. Ndilo swali letu sote. Tuna bei ya kufyatua tofali, bei ya kupiga lipu kwa mita, bei ya kumwaga zege, ya kuchimba, ya kupaka. Hatuna bei ya kuangalia. Fundi anayekuja akaangalia kwa saa tatu na kusema "sehemu kubwa ya ukuta huu msiiguse" amejinyima chakula, kwa hiyo hasemi. Tunamlipa kwa kile anachokiongeza kwenye ukuta, na matokeo yake ni kwamba daima kitaongezwa kitu. Anayetulaghai hapo ni ile namna yetu ya kulipa. Mfuko wa saruji unaonekana, unahesabika, unaweza kuibiwa na kulindwa. Kujua hakuachi vumbi.

Kioo cha ufa uliolala kilikatika siku ya tisa, baada ya mvua ya usiku mmoja. Cha kona kilikaa miezi miwili kikiwa kizima. Kwa hiyo tulikuwa na ufa hai na ufa uliokwisha tulia, katika ukuta mmoja, na tiba zake hazifanani hata kidogo. Kama ningemfuata fundi wa kwanza, ningeufunika ulio hai. Kama ningemfuata wa pili, ningebomoa na sehemu kubwa ya ukuta iliyokuwa nzima.

Tulifanya mambo matatu, na la tatu lilikuwa kutofanya kitu.

Vile vipande vitatu vilivyoinama tuliviangusha, kutokea juu kushuka chini, baada ya kuvishikiza kwa magogo na kuwahamisha watoto wa mpangaji wasicheze upande ule. Hapa sitanii: ukuta wa uzio hauanguki kama mti unaokupa nafasi ya kukimbia. Hulala wote kwa pamoja. Mahali pake tukajenga ukuta wa kuzuia udongo, wa zege na nondo, wenye mguu mpana chini ulioingia upande wetu ili tusiingilie mpaka. Mama alipoteza mchaichai wake na mpapai mmoja. Kila mita moja na nusu tuliacha bomba la inchi mbili la kutolea maji, na nyuma yake tukajaza kokoto badala ya kifusi, maji yapate njia ya kushuka. Zege ilimwagwa siku moja na ikanyweshwa wiki nzima chini ya magunia yaliyoloweshwa asubuhi na jioni. Zege haikauki kama nguo, inaiva kama dawa ya mitishamba, na ukiinyima maji mapema inabaki mbichi ndani hata ukiisubiri siku ishirini na nane ambazo wahandisi huipimia.

Nguzo ya kona tuliikarabati, na kazi hiyo ilichukua siku nyingi kuliko nilivyotarajia. Zege iliyooza ilichongwa kwa tindo mpaka nyuma ya nondo, vidole viweze kupita kuizunguka, na ikafuatwa juu na chini mpaka palipoonekana chuma kisafi. Mzee alikataa kingo za kiraka zichongwe kwa mteremko kuishia unene wa karatasi. Alitaka zikatwe wima kama sanduku, kwa sababu ncha nyembamba ndiyo inayobanduka kwanza. Nondo zilisuguliwa kwa brashi ya waya mpaka zikang'aa. Moja ilikuwa imeliwa karibu nusu, tukaifungia nyingine kando yake. Zege ya zamani ikaloweshwa usiku kucha isije ikainyonya maji zege mpya. Na kwa kuwa alijua habari ya betri ile, ingawa yeye huiita "kutu kuhama nyumba", hakuridhika na kiraka cha mkono mmoja. Aliifungua nguzo nzima.

Mita zilizobaki hazikuguswa. Zina nyufa zake ndogo za lipu na nimejifunza kuziona bila kushika simu.

Ngumu kuliko zege yalikuwa mazungumzo na jirani. Ukuta ni wa kwetu, kifusi ni chake. Nilikwenda na maneno makali niliyoyatayarisha njiani, yeye akanikaribisha kahawa na kusema: "Ndugu yangu, ukuta ni wako, kifusi ni changu, lakini maji ni ya Mungu. Tutagawana vipi?" Tuligawana hivi: kokoto, mabomba na mtaro wa upande wake alilipa yeye, zege na nondo nikalipa mimi. Sijui kama mahakama ingegawa hivyo. Najua kwamba kama miaka ishirini iliyopita baba angekwenda upande wa pili, yangekuwa mazungumzo ya mtaro mmoja na jembe.

Najua pia nitakachoambiwa: wewe ulikuwa na uwezo. Ni kweli, na si wote. Lakini asiye na pesa ndiye hasa asiyepaswa kununua lipu ya tatu. Kama fedha zinatosha jambo moja tu mwaka huu, ningesema lisiwe la saruji. Chimba mtaro. Elekeza maji ya bati yasimwagike kwenye mguu wa ukuta. Toboa matundu ya kutolea maji. Hakuna mgeni atakayesifia, na ufa utabaki ukikutazama kama jicho, ila utakuwa umeacha kukua.

Na hili si la nyumba zetu tu. Zanzibar, Beit al Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883, lilianguka sehemu tarehe 25 Desemba 2020, na watu wawili wakafa. Lilikuwa katikati ya ukarabati. Sijidai kumhukumu mtu kwa msiba ule. Nakumbuka tu kwamba mwaka 2012 sehemu yake nyingine ilikuwa imeshaanguka, na jumba lilikuwa limeandikwa habari zake na kupigwa picha mara nyingi. Huko Genoa, Italia, daraja la Riccardo Morandi liliporomoka 14 Agosti 2018 likaua watu 43. Nyaya zake za chuma zilikuwa zimevikwa zege, kwa nia njema ya kuzilinda, na zege ileile ikawa pazia lililowazuia wakaguzi kuona kinachoendelea ndani. Yaani hata kwa wenye wahandisi, vyombo na bajeti, kilichofunikwa vizuri ndicho kilichoua.

Ukipita barabara inayokabili bahari hapa Dar, ile iliyoitwa Ocean Road mpaka ilipopewa jina la Barack Obama mwaka 2013, utaona ukuta wa kuzuia mawimbi uliojengwa upya baada ya ule wa zamani kuliwa na bahari kwa miaka. Ni ukuta mzuri. Wapenzi wanaukalia jioni, wavuvi wanaanika nyavu. Kila ninapoupita najiuliza nani analipwa kuutembelea kila baada ya masika na nyundo ndogo na kadi ya benki. Ukuta mpya hukatiwa utepe. Sijawahi kuona utepe ukikatwa kwa ajili ya tundu la maji lililozibuliwa, wala kwa kioo kilichokaa miezi miwili bila kukatika, na nadhani siku tutakapoanza kukitengea bajeti kioo hicho tutajenga kuta chache mno.

Mama bado anaamini tulimlipa yule mzee bure. Anasema kazi ya kweli waliifanya vijana waliochanganya zege. Lakini nimemwona akikifuta vumbi kwa upindo wa khanga kile kioo kilichotolewa kwenye nguzo ya kona.

Masika ya mwaka huu yaliingia usiku. Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa uwani na tochi na mwavuli. Simu ikaita, jirani.

"Yanatoka?"

Nikamulika bomba la kwanza, la pili, la tatu, mpaka la mwisho.

"Yanatoka yote," nikamwambia. "La nne linatoa matope."

"Hilo nitaliangalia huku kwangu kukipambazuka," akasema.